Waheshimiwa, Tupeni Kazi na Mlezi

Kwa: Mwenyekiti, Waheshimiwa Madiwani na Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya Tarime,
Nyamwaga.

Nakala: Halmashauri ya Wilaya ya Serengeti, Mugumu; VETA, Mkoa wa Mara; Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF).

YAH: OMBI LA KARAKANA YA MAFUNDI WA TOVUTI KWA VIJANA WA ITIRYO NA KATA JIRANI



Kwetu jambo linalowagusa wengi hupelekwa ritongo, yaani baraza la jamii, likasemwa mbele ya watu, na kila mwenye neno akasikilizwa. Ndiyo maana nimeamua kuwaandikia hadharani. Ningeweza kuileta barua hii ofisini, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, ikapewa namba ya jalada na kulala humo. Lakini ninalolileta linawahusu pia wazazi wanaouza ng'ombe ili kijana akasome kompyuta, walimu wanaoulizwa kila mwaka "baada ya hapa tufanye nini?", na vijana wenzangu wenye vyeti vilivyokunjwa chini ya godoro. Bora lisomwe na wote.

Mimi ni fundi wa tovuti na ninaishi Itiryo. Wazee hunitambulisha kuwa ni yule kijana wa kompyuta, na wapo wanaoniletea simu iliyopasuka kioo niitengeneze. Siwalaumu, maana kazi yangu haionekani kama ya seremala. Hata hivyo matunda yake mnayatumia kila siku. Mwanafunzi akitafuta matokeo ya NECTA anafungua tovuti. Anayeomba mkopo wa HESLB, anayetafuta ajira serikalini na mzabuni anayewania kazi kwenye mfumo wa NeST, wote wanapita kwenye kurasa zilizoandikwa na watu, mstari kwa mstari. Sisi tunazitumia kurasa hizo toka asubuhi hadi usiku. Wanaoziandika ninaowafahamu wilayani hawajazi Noah moja.

Ombi langu ni moja. Kwa mwaka mmoja, halmashauri ianzishe karakana ndogo ya mafundi wa tovuti, yenye mlezi anayelipwa na kazi za kweli za kufanya. Ifanyeni hiyo kabla ya kutuletea semina nyingine. Naomba kueleza kwa nini, na fedha zitoke wapi.

Ufundi huu ulianza wazi kwa kila mtu. Tarehe 30 Aprili 1993, kituo cha utafiti cha CERN kule Geneva kilitangaza kwamba teknolojia ya Wavuti, iliyobuniwa na Tim Berners-Lee, ni mali ya umma. Yeyote aitumie, hakuna ada wala kibali. Ukurasa wowote unaoufungua kwenye kompyuta unaweza pia kuuona ulivyoandikwa: unabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, unachagua kutazama chanzo, na maandishi ya HTML yanatandazwa mbele yako. Masomo nayo yapo tele bila malipo. Kuna freeCodeCamp iliyoanza mwaka 2014, kuna kurasa za MDN, kuna video za YouTube ambazo hazina mwisho.

Ndivyo nilivyoanza, kwa kompyuta ya kuazima na bando la usiku. Nikajifunza HTML ya kupanga maandishi, CSS ya kuyapamba, kisha JavaScript ya kuufanya ukurasa uitike unapoguswa. Hatua hiyo ya kwanza haihitaji fedha za serikali. Kijana mwenye hamu ataivuka kwa taabu yake mwenyewe, na wapo Itiryo walioivuka.

Tunapokwama ni hatua ya pili, pale ukurasa unapotoka kwenye kompyuta yako na kwenda kutumiwa na mtu usiyemjua. Hapo maswali yanabadilika. Je, unafunguka kwenye simu ya bei ya chini yenye kioo kidogo? Mtu akijaza fomu na mtandao ukakatika katikati, alichoandika kinabaki au kinapotea? Nenosiri la mteja umelihifadhi vipi? Siku seva ikifa, nakala rudufu iko wapi? Msomaji asiyeona, anayetegemea programu ya kumsomea kwa sauti, atajuaje kitufe cha kutuma kiko wapi? Video haiwezi kukujibu, maana haijaona ulichoandika. Anayeweza ni fundi aliyekutangulia, akae pembeni yako, asome mistari yako na kukwambia: hapa umeacha mlango wazi, hapa umerudia kazi, hii yote futa uanze upya.

Utaratibu huu mnaujua kuliko mimi. Hakuna mwashi wa Tarime aliyeanza kwa kukabidhiwa nyumba nzima. Alianza kuwa saidia fundi. Akachanganya zege, akabeba tofali, akashika kamba, akapewa ukuta wa choo aupandishe, na fundi akabomoa palipopinda. Siku aliporuhusiwa kusimamisha kona ya nyumba, jicho lake lilikuwa limekwisha kukomaa. Sisi wa tovuti hatuna ngazi hiyo. Tunatoka kwenye video moja kwa moja hadi kwa mteja, na mteja ndiye anayelipia masomo yetu bila kujua. Anatoa pesa, tovuti inasimama miezi michache, muda wa kikoa, yaani anwani ya tovuti, unaisha bila mtu wa kukilipia tena, ukurasa unazimika, na mwenye duka anaapa kuwa hatampa tena kijana wa kompyuta senti yake.

Semina tumeletewa, na tunashukuru. Moja niliyohudhuria mjini ilikuwa na mkufunzi hodari, chai ya nguvu na cheti cha rangi. Siku ya mwisho tukapiga picha ya pamoja, kila mtu akarudi kijijini kwake, na hakuna aliyetuuliza tena tumetengeneza nini. Ujuzi wa aina hii usipotumika unakauka upesi. Wengi niliokaa nao darasani sasa wanaendesha boda boda au wako kwenye mashimo ya dhahabu ya Nyamongo. Hizo ni kazi halali, lakini hazikuhitaji semina ile.

Wenye fedha nyingi kuliko sisi nao wamegonga ukuta huohuo. Kampuni ya Andela ilianzishwa Lagos mwaka 2014 na kuingia Nairobi mwaka uliofuata. Ilichagua vijana wenye akili kali, ikawafundisha huku ikiwalipa, kisha ikawakodisha kwa kampuni za nje. Septemba 2019 ikaachisha kazi mamia ya wachanga wake katika Nigeria, Kenya na Uganda, ikieleza kuwa wateja walitaka wahandisi wazoefu na kwamba wachanga walikuwa wengi kuliko kazi zilizopatikana. Mafunzo huzalisha watu wanaoanza. Anayeanza huwa mzoefu kwa kupewa kazi ndogo, kisha kubwa kidogo, kwa muda wa kutosha na mbele ya mtu wa kumsahihisha. Kama Nairobi, kwenye kampuni kila ghorofa, wachanga walikosa kazi za kukulia, sisi cheti hakitatuvusha.

Watazameni pia waliofika mbali katika ukanda wetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Mwaka 2005 mpigapicha Issa Michuzi alifungua blogu yake akiwa Helsinki, na aliyemwonyesha njia ni Mtanzania mwenzake, Ndesanjo Macha, aliyekwisha kutangulia katika kublogu kwa Kiswahili. Mwaka 2006 Maxence Melo na Mike Mushi walianzisha Jambo Forums, ambayo leo ni JamiiForums. Jukwaa lilipojaa watu, kuliendesha kulidai pia ujuzi wa seva, wa ulinzi wa taarifa na wa sheria, na hiyo sheria Melo ameifahamu hadi mahakamani.

Hapo ng'ambo ya mpaka, Kenya ilipowaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Ory Okolloh alitoa wazo la ramani ambayo wananchi wangeitumia kuripoti vurugu. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakaungana naye, na ndani ya siku chache za Januari 2008 Ushahidi ikawa hewani. Miaka miwili baadaye programu hiyohiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Toleo la kwanza halikuwa kamilifu. Lilikuwa na kazi, na kazi ndiyo iliyolifunza. Katika mifano hii yote sioni cheti kilichotangulia. Naona watu waliokuwa na jambo la kufanya, watumiaji waliokuwa wakingoja, na mara nyingi mwenzao aliyejua zaidi akiwa karibu.

Najua wapo watakaoniambia kuwa fani hii inabadilika mno kiasi cha kutoifaa wilaya kuwekeza. Inabadilika kweli. Wapo walioijua Flash kwa miaka mingi, ikafungwa rasmi tarehe 31 Desemba 2020. Kivinjari cha Internet Explorer, kilichowahi kutawala dunia nzima, kilistaafishwa Juni 2022. Novemba mwaka huohuo ikaja ChatGPT, na leo akili mnemba inaandika ukurasa mzima kabla chai haijapoa. Diwani mmoja aliwahi kuniuliza: kama mashine inaandika, wewe wa nini?

Jibu langu ni kwamba mashine inaandika kwa ajili ya mtu isiyemjua, yaani wewe na mimi. Ukurasa wa kawaida duniani siku hizi una uzito unaozidi megabaiti 2. Mama mwenye bando la megabaiti 100 akifungua kurasa za namna hiyo, hafikishi 50 kabla bando halijakata. Picha moja iliyopigwa kwa simu inaweza kuwa na megabaiti 4. Ikipunguzwa vizuri inashuka hadi kilobaiti 150, na macho hayaoni tofauti kwenye kioo cha simu. Chukueni tangazo la mnada lililochapwa, likagongwa muhuri, likapigwa skani na kupandishwa mtandaoni kama picha. Ni zito, halitafutiki, na programu ya kumsomea asiyeona hailioni kabisa. Lingeandikwa kama maandishi ya kawaida lingekuwa na kilobaiti chache na kila mtu angelipata. Fundi aliyekulia kwenye mtandao wa kasi huyasoma haya vitabuni. Wa Itiryo anayajua kwa maumivu ya mfuko wake, na kila ukurasa mzito umemfundisha.

Kwa hiyo msingi wa kufundishia upo. Lugha za kompyuta zitabadilika, na atakayetaka kubaki kwenye kazi hii atasoma maisha yake yote. Yasiyobadilika ni kumjua mtumiaji, kuandika ukurasa mwepesi, kulinda taarifa za watu, kumfikiria mlemavu na kutunza kazi baada ya kuikabidhi. Haya hujengwa kwa malezi, na akili mnemba inamsaidia zaidi aliyekwisha kulelewa, kwa sababu huyo anajua ilipokosea.

Sasa nieleze karakana yenyewe. Naomba chumba kimoja chenye umeme wa uhakika kidogo na kompyuta 8, vijana 16 wa zamu mbili, na mlezi mmoja ambaye ni fundi mzoefu. Huyo mlezi ndiye moyo wa mpango. Nimeona sehemu zenye kompyuta nyingi zilizofunikwa vitambaa kwa kukosa mtu wa kuziwasha. Ikibidi kuchagua kati ya kompyuta 20 bila mlezi na kompyuta 4 zenye mlezi, chagueni 4.

Miezi mitatu ya kwanza kila kijana aandike ukurasa wa kitu halisi anachokijua: duka la mjomba, kwaya ya kanisa, kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Sharti liwe kwamba ukurasa wote, picha zikiwemo, usizidi kilobaiti 500 na usomeke kwenye simu ya bei ndogo. Miezi mitatu ya pili ni fomu, JavaScript na utunzaji wa taarifa. Humo wasome Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, maana anayekusanya majina na namba za simu za watu amebeba dhamana yao. Miezi mitatu ya tatu ni seva, usajili wa vikoa vya .tz kupitia wasajili wanaotambuliwa, nakala rudufu na ulinzi. Mitatu ya mwisho ni mambo ambayo video hazifundishi: kuandika mkataba, kukadiria bei, kutoa ankara, kusajili biashara, na kusema "hapana" kwa mteja anayetaka tovuti ya milioni kwa elfu hamsini.

Mtihani usiwe wa kalamu na karatasi. Kila kijana awe na anwani ambayo diwani yeyote anaweza kuifungua kwenye simu yake hapohapo kikaoni. Kama ukurasa umezimika au namba ya simu iliyoandikwa humo haipatikani, kijana hajafaulu.

Kazi zitatoka wapi? Siombi kukabidhiwa tovuti ya halmashauri. Tovuti za mikoa na halmashauri zilizinduliwa kwa pamoja mwaka 2017 kwa mfumo mmoja, na ziko chini ya viwango vya Mamlaka ya Serikali Mtandao. Hilo ni sawa. Ninaowazungumzia ni wale waliobaki nje. Vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa. Shule binafsi. Nyumba za wageni za Sirari na Nyamongo. Vikundi vya ngoma na wapiga litungu wanaoalikwa kwenye sherehe kwa kuulizana mdomo kwa mdomo. Na upande wa Hifadhi ya Serengeti kuna kazi kubwa zaidi. Wageni wanaokuja kuona nyumbu wakivuka Mto Mara kati ya Julai na Oktoba, upande wa Lamai na Kogatende, wengi wao wamesoma na kulipia safari mtandaoni kabla hawajapanda ndege. Kijana wa Tarime au Serengeti anayeishi ukingoni mwa hifadhi hiyo anaweza kuwaandikia habari ambazo hazimo kwenye kurasa za mbali. Ndiyo maana nimewapelekea Mugumu nakala.

Kuhusu gharama nimepiga hesabu yangu, nanyi mna wachumi wa kuikagua. Kompyuta 8 zilizotumika, kwa shilingi 500,000 kila moja, ni milioni 4. Mlezi kwa shilingi 700,000 kwa mwezi ni milioni 8.4 kwa mwaka. Intaneti kwa shilingi 100,000 kwa mwezi ni milioni 1.2. Betri na matengenezo ya umeme, milioni 1.4. Malipo ya vijana kwa kazi 10 halisi, kila kazi shilingi 300,000, ni milioni 3. Vikoa na sehemu za kuhifadhia tovuti hizo 10, milioni 1. Jumla ni shilingi milioni 19. Mwaka 2021, fedha za UVIKO-19 zilipojenga madarasa ya sekondari nchini, kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20. Ninachoomba hakifiki darasa moja.

Fedha hizo zinaweza kupatikana bila kuvunja utaratibu wowote. Kwanza, kuna fedha za wajibu wa kampuni kwa jamii kutoka mgodi wa North Mara. Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inaitaka kampuni kuandaa mpango wa kila mwaka na kukubaliana na halmashauri. Ninyi mnakaa kwenye meza hiyo. Madarasa, zahanati na maji viendelee, na mstari mmoja uongezwe kwa ajili ya kukuza ujuzi wa watu watakaobaki siku dhahabu ikiisha.

Pili, ipo asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo 4 ni ya vijana. Mikopo hiyo haina riba, na kikundi cha wahitimu kinaweza kuiomba ili kununua vifaa vyake. Naomba tu maofisa maendeleo ya jamii waelekezwe kuwa tovuti ni biashara kama ufugaji wa kuku. Kijana asiambiwe aje na mradi "unaoonekana". Nisisitize kwamba mkopo ni wa hatua ya pili, baada ya karakana. Kumkopesha anayejifunza bado ni kumfunga deni kabla hajapata mkono.

Tatu, sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya manunuzi ya taasisi kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo, na tangu 2023 zabuni zinapita kwenye NeST. Zipo kazi ndogo za kidijitali ambazo vikundi hivi vinaweza kuzifanya: kupunguza uzito wa picha, kugeuza nyaraka zilizopigwa skani ziwe maandishi, kuandaa takwimu za vijiji. Hizo ndizo kuta za choo tunazoziomba kabla ya kupewa nyumba.

Kwa VETA nina neno moja. Mna utaratibu mzuri wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambao umewapa vyeti waashi, maseremala na mafundi magari waliojifunzia mtaani. Ufungulieni mlango fundi wa tovuti. Apimwe kwa kazi zake zilizo hewani, apewe daraja lake, ili mwajiri asimkatae kwa kuwa hana karatasi. Kwa UCSAF, tunashukuru kwa minara. Mkataba wa minara 758 uliosainiwa Mei 2023 umewapa matumaini watu wengi vijijini. Baada ya mnara kusimama, naomba muwakumbuke watakaotengeneza vya kufunguliwa kwenye mawimbi hayo.

Nikirudi kwenye karakana, nafasi 8 kati ya 16 ziwe za wasichana, na hilo lisiachwe liwe la hisani. Zamu yao iwe ya mchana ili wasirudi nyumbani gizani, na ratiba izingatie Desemba. Mnajua kinachotokea katika baadhi ya koo zetu msimu wa tohara unapofika, na mnawajua wasichana wanaokimbilia nyumba salama ya Masanga kuepuka kukeketwa. Wakiwa pale huwa na wiki nzima za kungoja. Mlezi aende na kompyuta zake, na wiki hizo ziwe za kujifunza. Kazi inayoweza kufanyika popote penye umeme na mtandao inamfaa sana binti ambaye nyumbani kwao pamekuwa mahali pa kuogopa kwa muda.

Nimesikia hoja kwamba tukiwafundisha watahama. Wengine watahama, kama walivyohama walimu na wauguzi waliozaliwa hapa, na hatukufunga shule kwa ajili hiyo. Tofauti ni kwamba fundi wa tovuti hahitaji kuhama ili apate mteja wa Mwanza, Dar es Salaam au Muscat. Kinachomhamisha ni kukosa mlezi na kukosa kazi ya kwanza. Mkivileta viwili hivyo karibu, mmeondoa sababu kubwa ya safari. Na atakayeondoka akiwa amelelewa hapa, huyo ndiye atakayetuma kazi nyumbani, kwa kuwa anawajua wanaoweza kuifanya.

Ipo pia hoja kwamba maji na madawati kwanza. Sina ugomvi na maji. Ila angalieni ukubwa wa ombi: milioni 19 kwa mwaka wa majaribio, katika wilaya yenye mgodi wa dhahabu. Likishindikana tutajua kwa nini, na kompyuta 8 zitabaki kuwa mali ya halmashauri. Likifanikiwa, wilaya itakuwa na mafundi 16, na baadhi yao watakuwa walezi wa mwaka unaofuata. Hapo ndipo gharama itakapoanza kushuka.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, naomba mambo matatu. Ombi hili liingizwe kwenye ajenda ya kikao cha robo mwaka kinachofuata. Ofisa TEHAMA na ofisa maendeleo ya jamii waagizwe kukagua hesabu niliyoiweka hapo juu na kuileta kwenye kamati ya fedha. Na ipangwe tarehe ya kukutana na vijana wa Itiryo, Nyanungu, Gorong'a na kata jirani ambao tayari wameanza wenyewe, ili msikie kutoka kwao wamekwama wapi. Nitakuja na kompyuta yangu. Nipeni dakika kumi za mwanzo wa kikao, niwafungulie kurasa zao kwenye simu zenu wenyewe, kwa bando zenu wenyewe, kisha mniulize maswali magumu kadiri mpendavyo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa tovuti,
Kata ya Itiryo, Tarime.